Ukikimbia Nairobi na muziki masikioni, nani anakulinda mgongo?

Saa kumi na moja na dakika arobaini asubuhi. Outering Road, upande wa Donholm, taa za barabarani nusu zinawaka, nusu zimelala. Nilikuwa kilomita ya tatu, spika zote mbili masikioni, sauti nimeipandisha karibu mwisho. Ngoma ilikuwa imefika pale pazuri, pale ambapo miguu inajiendesha na wewe unabaki abiria tu. Nikahama kidogo kushoto kukwepa dimbwi. Hapo ndipo kioo cha nduthi kiliponikwaruza kiwiko nikaenda chini.

Sikuwa nimemsikia hata kidogo. Jamaa alitokea nyuma yangu, juu ya njia ya wapita njia, amefunga kreti za mkate mpaka kichwani. Hata hakusimama. Aliyekuja kuniinua ni mama anayeuza chai na mandazi hapo karibu na steji. "Kijana, amekupigia honi mara tatu," akaniambia. Mimi nilikuwa nimesikia besi tu. Nilitoka na kiwiko kilichochubuka na simu iliyopasuka kioo, na nikashukuru Mungu kwa sababu ingekuwa mbaya zaidi. Mama akanivutia stuli, akanimiminia chai, halafu akaniuliza swali moja ambalo limenikaa kichwani tangu siku hiyo: "Kwani kuna nini huku nje hutaki kusikia?"

Sikuwa na jibu. Lakini nimelifikiria sana, kwa sababu sio mimi peke yangu. Hebu toka nje Jumamosi asubuhi uone. Miaka hii vijana wa Nairobi wameamua kukimbia. Kuna mbogi za mbio karibu kila mtaa, watu wanapiga selfi saa kumi na mbili asubuhi wakiwa na jasho, na viatu vya mtumba vya kukimbilia Gikomba vimepanda bei. Na karibu kila mkimbiaji utakayemwona peke yake ana kitu masikioni.

Mitandaoni ubishi hauishi. Kambi moja inasema ukivaa spika barabarani unajitafutia kifo, ukigongwa usilie. Kambi ya pili inasema bila muziki hawawezi kumaliza hata kilomita mbili, na mtu mzima asipangiwe maisha. Mimi nimekaa kambi zote mbili. Na naona zote zinazungumzia masikio ya mkimbiaji, hakuna inayoizungumzia barabara. Ndiyo maana ubishi hauishi.

MUZIKI UNAFANYA KAZI, TUSIDANGANYANE

Tuanze na kambi ya muziki, kwa sababu wana hoja. Sio mambo ya kujifurahisha tu. Costas Karageorghis, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Brunel jijini London, ametumia miaka mingi akichunguza muziki na mazoezi. Anachosema kwa ufupi ni hiki: ukikimbia mwendo wa kawaida, muziki unapunguza ile hisia ya uchovu. Kazi ni ile ile, mwili umechoka vile vile, lakini kichwa kinapewa kitu kingine cha kushughulikia, kwa hivyo ripoti ya maumivu inafika ikiwa imepunguzwa makali. Katika jaribio moja alilofanya na wenzake, watu waliotembea kwenye mashine huku hatua zao zikifuata mdundo waliongeza ustahimilivu kwa hadi asilimia 15.

Mdundo ndio siri. Wakimbiaji wengi hupiga kati ya hatua 160 na 180 kwa dakika. Ngoma yenye midundo 85 kwa dakika inaingia vizuri kwenye hatua 170, kwa sababu kila mdundo unabeba hatua mbili. Ndiyo maana kuna ngoma ikianza tu, unajipata umekaza mwendo bila kupanga. Na ndiyo maana amapiano, ambayo nyingi huchezwa karibu midundo 112, ni tamu ya kucheza lakini mguu wa mkimbiaji unaitafuta na kuikosa. Sio wewe mbaya, ni hesabu.

Hata mabingwa wamewahi kuutumia. Februari 1998 pale Birmingham, Uingereza, Haile Gebrselassie wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani ya ukumbi. Uwanjani kulikuwa kukichezwa wimbo wa "Scatman", ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuomba kwa sababu mdundo wake ulilingana na hatua zake. Kumbuka tu jambo moja hapo: wimbo ulikuwa ukitoka kwenye spika za uwanja. Ukumbi mzima uliusikia. Masikio yake yalikuwa wazi.

LAKINI MABINGWA HAWAVAI

Karageorghis huyo huyo anaeleza kwamba ukipandisha kasi mpaka mwisho wa uwezo, muziki hauna nguvu tena ya kuficha uchovu. Mapafu yanapiga kelele kuliko ngoma. Hapo kinachokusaidia ni kusikiliza mwili: pumzi iko wapi, mguu unatua vipi, nimebakisha nini.

Nenda Iten Alhamisi asubuhi, siku ile wanariadha wanapotoka kwa mamia kufanya fartlek, mazoezi ya kubadilisha kasi. Sauti unayoisikia ni viatu kwenye vumbi na pumzi. Eliud Kipchoge alifika Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 na kukimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 baada ya miaka mingi ya kufanya mazoezi na kundi huko Kaptagat. Katika kundi, mdundo ni miguu ya mwenzako. Ukichelewa unajua. Ukiharakisha unajua. Ukiziba masikio unalipoteza kundi lenyewe.

Na kwenye mashindano rasmi, hata ukitaka huwezi. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha duniani, zinahesabu redio, simu na vifaa vya aina hiyo kuwa msaada usioruhusiwa kwa anayeshindana. Marekani walikaza zaidi: mwaka 2007 shirikisho lao likapiga marufuku spika za masikioni kwa kila mkimbiaji katika mbio zake. Wakimbiaji wa kawaida wakakataa kutii, na mwishoni mwa 2008 likalegeza, marufuku ikabaki kwa wanaoshindania ubingwa na zawadi. Haikuwa mchezo. Mwaka 2009, kwenye Lakefront Marathon huko Milwaukee, mwanamke aliyekuwa ametangazwa mshindi alinyang'anywa ushindi kwa sababu ya kusikiliza muziki njiani.

Ona sababu zao ni mbili tofauti. Ya kwanza ni haki: muziki unasaidia, kwa hivyo asipewe mmoja. Ya pili ni usalama: mtu asiyesikia amri ya msimamizi au gari la wagonjwa nyuma yake ni hatari kwake na kwa wengine. Sisi wa Outering na Jogoo Road hatushindanii zawadi yoyote. Sababu ya kwanza haituhusu. Ya pili inatuhusu kila asubuhi.

BARABARA YETU INAONGEA KWA HONI

Kulingana na takwimu za NTSA, zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kwenye barabara za Kenya kila mwaka tangu 2021, na kundi kubwa kuliko yote ni wapita njia. Sio madereva wala abiria wa matatu. Ni watu wa miguu, na ukikimbia barabarani uko kwenye kundi hilo, hata kama viatu vyako ni vya elfu kumi na tano.

Je, spika masikioni zinaongeza hatari? Watafiti huko Marekani walikusanya visa 116 vya wapita njia waliouawa au kuumia wakiwa wamevaa spika kati ya 2004 na 2011. Asilimia 70 walikufa. Zaidi ya nusu waligongwa na treni. Katika visa karibu 3 kati ya kila 10, ilirekodiwa kwamba honi au king'ora kilipigwa kabla ya ajali. Visa hivyo vilitolewa sana kwenye habari za magazeti, kwa hivyo haviwezi kusema kila kitu. Lakini ile picha ya honi kupigwa na mtu asigeuke, mimi siihitaji utafiti kuiamini. Nina kovu kwenye kiwiko.

Sasa fikiria Nairobi. Kwenye miji mingine taa nyekundu ikiwaka, gari linasimama, mtu anavuka akiimba. Hapa kwetu taa ni pambo, alama ya pundamilia ni pambo, na sheria ya kweli inapitishwa kwa sauti. Honi fupi ya matatu maana yake "nakuona, sogea". Honi ndefu maana yake "sisimami". Makanga akigonga bodi mara mbili, unajua gari linaondoka na linaingia njiani bila kuangalia. Nduthi ikipandisha moto nyuma yako, una sekunde mbili kuamua upande. Mji huu unaongozwa kwa masikio. Ukiyaziba, umezima kitu pekee kilichokuwa kikichukua nafasi ya taa na alama.

Kisha kuna mtego mwingine. Kelele ya barabara inakufanya upandishe sauti ili usikie ngoma. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukipandisha sauti muda huo unapungua haraka. Kwa hivyo yule anayekimbia kando ya malori anaumia mara mbili: hasikii gari leo, na polepole anapoteza uwezo wa kulisikia kesho.

Na tusisahau wale wengine wanaosubiri usisikie. Waya mweupe ukining'inia kwenye fulana gizani ni tangazo: hapa kuna simu, na mwenyewe hayuko nyumbani. Wengi tumeshanyakuliwa. Wengine wamepigwa ngeta kabla hata ya kugeuka.

YEYE HUVAA BILA KUWEKA MUZIKI

Nilipoanza kuuliza watu kuhusu jambo hili, nilidhani wote wataniambia habari za ngoma. Rafiki yangu mmoja wa Umoja, anayekimbia mara tatu kwa wiki, alinipa jibu lililonifunga mdomo. Yeye huvaa spika zake kila siku, kubwa, za kuonekana. Lakini haweki muziki wowote.

"Nikizivaa, wakinipigia miluzi wanadhani sisikii," alisema. "Kwa hivyo hawakasiriki nisipojibu. Nisipozivaa nikanyamaza, mtu anaanza kunitusi, mwingine ananifuata. Na nikiweka muziki kweli, sitasikia akinifuata. Kwa hivyo nazivaa zikiwa kimya."

Soma tena hapo. Huyu ni msichana ambaye ametoka kukimbia kilomita tano, na kwanza lazima apange igizo. Mimi nikitoka nyumbani hesabu yangu ni dimbwi na nduthi. Hesabu yake ina nduthi, dimbwi, kundi la wanaume kwenye kona, ukuta mrefu usio na taa, rangi ya legi aliyovaa, na kama leo apite njia ile ya jana au mtu ameshaizoea. Anampigia dadake kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Na hii ni Nairobi ile ile ambayo Januari 27, 2024, maelfu ya wanawake waliandamana wakiomba jambo moja tu, wasiuawe.

Kwa hivyo ukimwambia msichana kama huyo "toa spika uwe salama", humsaidii. Yeye alishazima muziki zamani. Kilichobaki masikioni mwake ni ngao. Swali la mama wa chai kwake lina jibu rahisi: kuna nini huku nje hutaki kusikia? Kuna nyinyi.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba haya sio mambo ya mtindo wa mazoezi. Ukitaka kujua mji unamthamini nani, tazama ni nani anayeweza kufunga macho kidogo, au kuziba masikio kidogo, na asidhurike. Muziki masikioni ni starehe ndogo sana. Lakini inahitaji uamini kwamba aliye nyuma yako hatakudhuru. Wangapi kati yetu wana imani hiyo saa kumi na moja asubuhi?

KUNA WALIONAYO

Wapo. Nenda Karura Jumapili asubuhi. Watu wanakimbia kwenye njia za udongo katikati ya miti, spika zote mbili masikioni, hata wengine wamefumba macho kidogo. Hakuna nduthi. Kuna askari wa msitu. Hatari kubwa ni tumbili kukuibia ndizi. Unalipa langoni, unaingia, unasikiliza unachotaka.

Siwaonei wivu. Lakini nakumbusha kwamba msitu ule haukuanguka kutoka mbinguni. Mwishoni mwa miaka ya tisini walikuwa wakiugawa kwa wajenzi. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alikwenda kupanda mti akapigwa mpaka akatoka damu, na wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani kwa hasira. Nafasi ile ya kukimbia bila kuangalia nyuma ilipiganiwa na watu, baadhi yao wakiwa na umri wangu na wako.

Shida ni kwamba kutoka Kayole, Mathare au Pipeline mpaka Karura ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, halafu pesa ya langoni. Kwa mtu anayekimbia kwa sababu kukimbia ni zoezi la bure, hiyo sio bure tena. Kwa hivyo tunakimbia palipo karibu, na palipo karibu ni kando ya barabara.

Kuna mfano mwingine wa kuchekesha kidogo. Expressway yetu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands haimruhusu mtu wa miguu hata kunyanyua kidole. Lakini Mei 8, 2022, kabla haijafunguliwa kwa magari, ilikimbiwa Nairobi City Marathon ya kwanza. Waliokuwepo wanajua. Lami tupu, hakuna honi, hakuna moshi, maelfu ya watu wakienda upande mmoja. Siku kama hiyo unaweza kuvaa spika hata nne. Ikiisha, uzio unarudi, na sisi tunarudi chini kwenye matope kutazama nguzo.

ASILIMIA 20 ILIENDA WAPI?

Kuna mtu atasema Nairobi ni maskini, njia za miguu ni za Ulaya. Basi nimpe habari. Machi 2015 Kaunti ya Nairobi ilizindua sera ya usafiri usiotumia injini, yaani kutembea, kukimbia, baiskeli, mkokoteni na kiti cha magurudumu. Ndani yake kaunti iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa ajili ya watu hao. Asilimia 20. Sio mimi niliyeitaja, ni wao.

Sasa toka nje, tazama mtaa wako, uhesabu. Katika kila shilingi mia zilizowekwa kwenye lami hapo kwenu, unaziona ishirini zako?

Nisiwe mwongo, kuna palipojengwa. Outering yenyewe ilipopanuliwa ilipata njia za miguu, njia za baiskeli na madaraja ya kuvukia. Katikati ya mji pia kuna mitaa iliyopata njia pana. Kwenye ramani inapendeza. Lakini njia ya miguu haimalizwi kwa simiti, inamalizwa kwa kulindwa. Kwetu ikishajengwa inageuka kuwa barabara ya pili ya nduthi, sehemu ya kuegesha magari, gereji ya wazi na duka la viatu. Sheria ya Trafiki imeshakataza kuendesha chombo cha moto kwenye njia ya wapita njia. Tangu nianguke nimepita pale mara nyingi sana, na sijawahi kuona karao akimsimamisha mtu wa nduthi kwa kosa hilo. Kanjo utamwona, lakini anamfukuza mama wa mandazi, ambaye ndiye pekee aliyenisaidia.

Na simlaumu sana yule jamaa wa mkate. Yeye pia anakimbia, ila anakimbiza saa. Barabara kuu ameachiwa upande ambao malori yanamsukuma, duka linataka mkate kabla ya saa kumi na mbili, akichelewa anakatwa pesa. Anapanda njia ya miguu kwa sababu hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo yeye ni mkubwa. Tumewekwa wawili kwenye kipande cha simiti cha mita moja na nusu, tukaambiwa atakayeumia ajilaumu.

ZAMANI MUZIKI WA MBIO ULIKUWA NJE

Kuna jambo tunalolisahau. Kukimbia na muziki sio uvumbuzi wa simu. Pita karibu na makurutu wa polisi Kiganjo au vijana wa NYS Gilgil alfajiri uwasikilize. Mmoja anaimba, mia wanaitikia, na miguu inapiga ngoma. Vuka mpaka uende Tanzania, watoto wa shule wamekuzwa na mchakamchaka, kukimbia huku wakiimba, na pale Dar es Salaam vilabu vya kujogi vinapita mitaani mwisho wa wiki na fulana za rangi moja, nyimbo na filimbi. Mtu akiwa bado kitandani anajua wamepita.

Ukifikiria vizuri, muziki wa aina hiyo unafanya kazi zote ambazo Karageorghis anazitaja. Unapunguza uchovu, unashika mdundo, unavuta aliyebaki nyuma. Na unaongeza moja ambayo spika haziwezi: unaiambia barabara kwamba watu wanapita. Dereva anasikia kabla ya kuona. Mwizi anasikia ni wengi. Msichana hahitaji igizo lolote.

Nimejaribu. Tangu kiwiko kipone, Jumamosi natoka na mbogi ya mtaa, watu kumi na wawili hivi, mmoja amebeba spika ndogo mgongoni ndani ya begi. Sauti ya kiasi, sio ya kuamsha mtaa, kwa sababu saa hiyo kuna watoto na wazee wamelala na wao pia wana haki yao. Wiki ya kwanza niliona aibu. Wiki ya tatu rafiki yangu wa Umoja alikuja. Alikimbia kilomita saba bila kitu masikioni, akaniambia kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili kusikia pumzi yake mwenyewe kwa raha.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, tuishi. Ukikimbia peke yako kando ya barabara ya Nairobi, acha sikio moja wazi, lile la upande wa magari, na sauti iwe ya chini kiasi cha kusikia mtu akikuita. Kukiwa bado giza, au unavuka, au unapita steji, toa zote mbili. Kimbia ukitazama magari yanayokuja, usiyape mgongo. Zile spika zinazofuta kelele zote, ziweke kwa safari ya matatu. Anayekwambia haya hakuchukii, na mimi nimeyalipia kwa kioo cha simu.

Pili, kama wewe ni mwanaume na uko kwenye ile kona asubuhi, nyamaza. Msichana akipita anakimbia, anakimbia. Hakuna ujumbe wako anaoukosa. Na ukimwona mwenzako akianza miluzi, mwambie akome. Hiyo ni kazi isiyohitaji bajeti ya kaunti.

Tatu, na hapa ndipo nataka tukae, tusikubali mambo yaishie kwenye masikio yetu. Kila mwaka kaunti inapeleka mpango wake wa matumizi kwenye bunge la kaunti kufikia mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kufikia mwisho wa Aprili, na sheria inataka wananchi wasikizwe. Vikao hivyo huwa vinajaa wazee watatu na MCA. Mbogi moja ya mbio ya watu arobaini ikiingia na swali moja, "Ile asilimia 20 ya mwaka 2015 iko ukurasa gani?", kikao hicho hakitakuwa cha kawaida. Na kwa barabara kubwa ambazo si za kaunti, swali lile lile lipelekwe KURA na KeNHA, kwa barua, na mtandaoni tuwaamshe. Kizazi hiki kimeonyesha kinaweza kusoma bajeti mstari kwa mstari kikitaka.

Bado napita kwa yule mama wa chai, siku hizi nikiwa na sikio moja wazi. Juzi nilimwambia nimepata jibu la swali lake: sitaki kusikia honi, matusi na malori, nataka nusu saa tu ya kuwa mtu asiyeogopa. Akacheka. "Hata mimi," akasema, akitazama upande kanjo wanakotokea.

Na wewe, ukitoka kukimbia asubuhi unavaa moja, mbili, au zikiwa kimya? Na mtaani kwenu, mara ya mwisho mliona njia ya miguu ambayo ni ya miguu kweli ilikuwa lini?